Swali Alilolingoja Mnoaji

Siku za kazi hakumpa mtu mkono. Ungefika kwake ghorofa ya tatu, Schaerbeek, umetoka kwenye mvua, mkono umeunyoosha mbele kama binadamu, naye angeutazama kama umemletea samaki aliyeoza, kisha angekuonyesha kiti kwa kidevu. Hata kanisani, padri akisema tupeane amani, yeye aliinamisha kichwa na mikono ameificha kwapani. Waliomjua kidogo walisema ana maringo. Wengine walisema mabaya zaidi, kwamba mikono ile ina dawa. Ukweli ni kwamba jasho la binadamu huacha alama kwenye chuma, na yeye hakutaka kubeba jasho la parokia nzima mpaka kwenye kazi ya Jumatatu.

Kazi yenyewe ilikuwa kunoa na kung'arisha panga za Kijapani. Mzee wa Kikongo, mtu wa Bukavu, yuko Brussels, ananoa panga za Kijapani. Nami niliposikia mara ya kwanza nilicheka. Jina lake silitaji. Hakupenda liandikwe popote, na safari hii nitamtii. Nitamwita Mnoaji.

Na mimi nijitambulishe, maana sina cha kuonea aibu. Niliishia darasa la tano, Kigoma. Niliingia mji huu na begi moja na viatu vya kuazima, nikaanza kupiga deki ofisi za Etterbeek alfajiri, kabla wakubwa hawajafika. Leo wanaopiga deki ni watu wangu, arobaini na kitu, na magari yangu matatu yana jina langu ubavuni kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Wenye digrii wananiandikia barua za kuomba kazi. Doa la wino, la damu, la grisi, chokaa ya maji ya Brussels inayogeuza birika kuwa jiwe, niletee. Sijaona doa lililonishinda. Nayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha kwake, na ndiyo yaliyomwangamiza.

Nilimfikia kwa njia ya ngazi. Jengo lake lilikuwa kwenye mkataba wangu, na kila wiki msichana wangu wa usafi alilalamika kwamba kuna matone ya kijivu kuanzia ghorofa ya tatu mpaka uani, kama kuna mtu anayebeba saruji. Nikaenda mwenyewe kumkamata. Nilimkuta anashuka na ndoo ya tope jembamba, rangi ya wingu. Lilikuwa vumbi la mawe na la chuma. Hakutaka kulimwaga kwenye sinki lisije likaziba mabomba. Nikamsomea masharti ya jengo, yote, kwa sauti. Alisubiri nimalize.

"Ni weye patron wa sabuni?"

Nikasema ndimi.

"Bon, Patron Sabuni. Panda. Lakini viatu ibakie inje."

Kuanzia siku hiyo mpaka mwisho sikuwa na jina lingine kwake.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja lililotazama kaskazini, na hapo ndipo nilipomwona Mkongo wa kwanza asiyelalamikia anga la Brussels. Jua kali, alisema, linadanganya. Linafanya kila chuma kionekane kizuri. Mawingu yanasema kweli. Siku ya jua, ile siku moja ambayo mji mzima unakimbilia Flagey kukaa nje na bia, yeye alifunga pazia akalala. Ikianza manyunyu, ungemkuta amefurahi, amekaa kwenye kigoda chake kifupi, mguu wa kulia umekanyaga ubao unaobana jiwe, kichwa chini, upanga mtupu mikononi bila mpini wala ala, anausukuma na kuuvuta juu ya jiwe lenye maji. Shhh, shhh. Wakati mwingine sauti ilibadilika, ikawa kama kilio kidogo, naye alisimama hapo hapo. "Jiwe ikilia, simama," alikuwa akisema. Alimaanisha kwamba kuna punje ngumu imeingia, na msuguo mmoja zaidi utaacha mkwaruzo utakaochukua wiki nzima kuufuta.

Alikuwa na mawe mengi, kuanzia la kukwaruza kama kisigino mpaka laini kama sabuni ya kuogea, na mwisho kabisa vipande vyembamba vya jiwe, vidogo kama ukucha, alivyovigandisha kwenye karatasi na kuvisukuma kwa dole gumba. Dole hilo halikuwa na alama tena. Aliniambia alipokwenda komini, ofisi ya manispaa, kuchukua kitambulisho, mashine ya alama za vidole ilimkataa mara nne, na yule kijana wa dirishani akamuuliza kama kweli yupo.

Alijifunza kwa Mjapani mmoja aliyekuwa na chumba nyuma ya duka huko Ixelles, mtu aliyekufa kabla mimi sijafika Ulaya. Aliajiriwa kumfagilia. Akafagia, akabeba maji, akaosha mawe, na inasemekana ilipita miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kugusa chuma, na hicho kikiwa kisu cha jikoni. Mimi katika miaka mitatu nilikuwa nimeshanunua gari la kwanza. Nilimwambia hivyo. Hakunijibu, maana alikuwa na karatasi mdomoni.

Hiyo karatasi niieleze. Akifika hatua za mwisho, alibana kipande cha karatasi kwenye midomo, ili pumzi na mate visiangukie chuma. Saa nzima, saa mbili, hasemi. Na mimi, sitaficha, nilipenda sana kuja saa hizo. Nilikaa kwenye kiti nikamwaga yote: wateja, kesi, wafanyakazi wanaochelewa, mke wangu wa kwanza, mke wangu wa sasa, jinsi nilivyomshinda Mbelgiji fulani kwenye zabuni. Hakuna mtu Brussels aliyenisikiliza kama yule mzee. Kisha angetoa karatasi, angekunywa maji, na kujibu jambo nililolisema mwanzoni kabisa, mimi nikiwa nimeshalisahau. Siku moja nilijisifu kwa saa nzima. Akatoa karatasi akasema, "Kwa hiyo yule mwanamuke wa kwanza, ulimuomba pardon ao hapana?"

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtu aliyeweza kukuonyesha mkwaruzo mwembamba kuliko unywele alikula mkate aliouchana kwa kisu kibutu kiasi kwamba makombo yalijaa meza. Nilimuuliza. "Mukate hailalamike," akasema. Maman wa ghorofa ya chini, ambaye alipika pondu, yaani kisamvu, na samaki wa kuuza nyumbani, alimletea visu vyake kila mwezi, na kila mwezi alivikataa.

"Papa, kisu haikate ata nyanya," Maman alisema pale mlangoni, mikono kiunoni.

"Peleka kwa Muturuki wa pale chini. Iko na mashine."

"Anajua kunoa upanga ya mufalme wa Japon, kisu ya pondu inamushinda," Maman aliniambia mimi, kana kwamba mzee hayupo. "Njo maana hana bibi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini visu hakunoa.

Kisha kulikuwa na ule upole wake. Alipenda ngumi za kwenye televisheni, aliwatukana mabondia kwa lugha tatu, lakini hakuweza kuua hata panya, alimfungulia mlango. Katika matanga ya mtu mmoja wa kwao, kijana aliyekunywa kidogo alimkabili mbele za watu, akamwambia kule kwetu watu wamemalizwa kwa mapanga, na wewe Papa unakaa hapa unayapapasa kama mtoto. Nilidhani atamtukana. Lakini mzee akasema kwa upole kwamba yale ya kule hakuna aliyewahi kuyaangalia, waliyainua tu. "Muntu akiangalia chuma siku mingi," akasema, "mukono inachoka kuinua." Sijui kama ni kweli. Yule kijana alianza kulia, na mzee akampa kitambaa chake cha mfukoni, safi.

Jambo alilolirudia kuliko yote ni kwamba kunoa ni kupunguza. Mimi nilidhani kunoa ni kuongeza: unaongeza makali, unaongeza mng'ao, unaongeza thamani. Alinicheka. Upanga wa Kijapani, alinieleza, una ngozi ya chuma kigumu nje na chuma laini ndani, na kila ukinolewa ngozi inapungua kidogo. Mwenye kunoa vibaya anakula miaka mia kwa asubuhi moja. Siku ngozi inapoisha, ule ulaini wa ndani unajitokeza kama mabaka, na hapo basi, hakuna fundi duniani atakayeurudishia. Hakuhesabu umri wa upanga kwa miaka. Alihesabu mara zilizobaki. "Hii imebakia na mbili," angesema akiuinua dirishani. "Hii moja. Hii, muache ikufe vizuri."

Nilipenda kumwambia kazi yake inang'aa. Lilimkera neno hilo. Kioo kinang'aa, alisema, hata kijiko kinang'aa. Yeye hakutaka chuma king'ae, alitaka kionekane: ule mstari mweupe karibu na makali, kama ukungu unaotambaa juu ya ziwa Kivu alfajiri, na mishipa iliyolala ndani ya bapa kama ya mbao. Alinigeuzia upanga huku na huku kwenye mwanga. "Unaona?" Nikasema naona. Nakwambia leo, sikuwa naona kitu. Niliona chuma safi.

Sasa nifike kwenye lile alilolitaka.

Kazi zake nyingi zilitoka kwa mwenye duka moja la vitu vya kale, upande wa juu wa mji. Mteja alipouliza nani amenoa, mwenye duka alijibu kwamba upanga ulipelekwa Kyoto. Mnoaji alikuwapo mara mbili nyuma ya pazia akisikia kwa masikio yake. Alinisimulia akicheka: "Mi nilitembea Kyoto mara mingi, na sijapanda ata ndege." Alicheka, lakini alilisimulia mara nyingi mno. Yule mwalimu wake Mjapani alikuwa amemwambia kwamba kuna wazee huko kwao ambao kazi yao ni kusoma panga: unauweka mezani, wanauangalia, wanakwambia ni wa karne gani na wa mkono wa nani. Hawasifu. Lakini kazi ya mnoaji ikiwagusa, huuliza kitu kimoja tu: nani amenoa? Mwalimu aliulizwa swali hilo mara tatu maishani, na alizikumbuka mara zote tatu, hata nguo alizovaa.

"Mi sihitaji tatu," Mnoaji alisema. "Moja. Baustaadi wale waulize mara moja tu, nijibu 'ni mimi'. Basi."

Na upanga wa kuulizwa alikuwa nao. Aliuokota kwenye soko la vitu chakavu kule Marolles, ndani ya pazia la zamani pamoja na uma na vijiko, umeshika kutu bapa lote, muuzaji akidhani ni wa kuning'inizwa ukutani. Yeye aliufungua mpini papo hapo sokoni, akaangalia msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, akarudisha haraka na kulipa bila kubishana, yeye aliyebishania hata bei ya vitunguu. Miaka sita aliunoa upanga ule. Si kila siku. Siku za mwanga mzuri tu, na siku ambazo mkono hautetemeki. Ulikuwa na mnoo mmoja uliobaki. Mmoja.

Tena macho yake yalikuwa na presha, yanafungwa kutoka pembeni kuja katikati. Daktari alimpa mwaka mmoja wa kuona, labda na nusu. Kisha ikaja habari kwamba wale wazee watakuja Ulaya, na safari hii watakaa siku mbili hapa hapa Brussels. Miezi minne mbele. Upanga ulikuwa umebakiza siku chache za dole gumba. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya kimya kama ile. Alinyoa ndevu.

Akamaliza. Halafu ikabidi alazwe, jicho moja lifanyiwe upasuaji, na sukari yake ishushwe kwanza. Wiki tatu. Na wiki hizo hizo mwenye nyumba alikuwa anabadilisha madirisha, mafundi wataingia na kutoka chumbani. Akaniuliza kama ofisini kwangu kuna kabati la chuma lenye ufunguo. Nikamwambia ninayo mawili. Alinikabidhi upanga ndani ya ala ya mbao, akanionyesha namna ya kupangusa mafuta ya zamani na kupaka mapya, yale mafuta yake yanayonukia karafuu, kwa karatasi laini, kutokea mgongoni, mara moja kila wiki. Alinishika bega, siku ya kazi, akasema, "Patron, sina muntu ingine."

Kuhusu msuka hakusema chochote. Nimejiuliza mara elfu kwa nini. Nadhani haikumjia akilini, kama vile wewe usivyomwambia mgeni asikojoe kitandani.

Jumamosi ya pili nilikuwa peke yangu ofisini. Nikapangusa, nikapaka. Halafu nikasema, mimi si mtu wa kazi nusu. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akigonga kile kijiti cha mwanzi na kuuvua mpini. Nikagonga. Nikavua. Jamani. Huku mbele upanga ni kama maji yaliyosimama, na huku nyuma, ndani ya mpini, chuma cheusi chenye mabaka ya kahawia, kama msumari uliong'olewa kwenye boriti la nyumba ya kale. Nilimwonea huruma mzee. Nikajua ni macho, hakuona. Miezi michache iliyobaki ikiisha, wale Wajapani watavua mpini na kukutana na uchafu ule, na kazi ya miaka sita itaaibika. Na rafiki yake anayeweza kuuondoa ni mimi, na hakuthubutu kuniomba.

Nilivaa glavu. Nilichukua asidi yangu ya kutu, ile ya viwandani, na soda, na nyuzi za chuma, na mswaki mpya kwa ajili ya herufi mbili zilizochongwa pale. Saa nne. Sijawahi kufanya kazi kwa upendo kama siku ile, hata nyumba yangu mwenyewe sikuisafisha hivyo. Ulipotoka ulikuwa mweupe kama kijiko cha harusi. Zile herufi zilibaki kivuli tu, kama nyayo majini, lakini nilijiambia afadhali safi. Nilipiga picha.

Alirudi nyumbani na kitambaa jichoni. Nilimpelekea mwenyewe, nimevaa suti. Akauchomoa kidogo, akatazama bapa, akaridhika. Akagonga kijiti. Akavua mpini.

Aliweka dole gumba pale, akalipitisha polepole mpaka mwisho, akalirudisha.

"Na nini?" akauliza.

Nikadhani anataka kujifunza. Nikamwambia kila kitu: asidi gani, dakika ngapi, nyuzi namba ngapi, kwamba watu wengine wangemaliza kwa saa moja na kuacha mabaki kwenye herufi. Niliongea. Alinisikiliza mpaka nikaisha, kama siku zile za karatasi mdomoni.

"Patron," akasema. "Ule muntu aliifua hii chuma, hapa njo alikuwa angali anaishi."

Kisha akanieleza, kwa maneno machache. Kutu ya msuka haiguswi. Miaka mia tatu na zaidi hakuna aliyeigusa. Kila mnoaji anaanzia juu ya mpini na kuishia juu ya mpini. Rangi ya kutu ile ndiyo umri wa upanga, zile herufi na mikwaruzo ya tupa chini yake ndiyo jina la baba yake. Bapa linaweza kudanganya, kutu haidanganyi. Wasomaji wa panga huanza hapo. Nikamwambia nitatafuta fundi, Brussels ina kila aina ya fundi, kutu itarudishwa, gharama zote juu yangu. Akanitazama kwa lile jicho moja.

"Nenda kaninunulie mukate," akasema.

Nilidhani hatakwenda kwa wale wazee. Alikwenda. Alivaa koti lake la kanisani, nami nilimpeleka, nikambebea ule mfuko mrefu. Ukumbi wa hoteli, Etterbeek, meza yenye kitambaa cheupe, wazee watatu nyuma yake, na mama mmoja wa kutafsiri. Foleni ilisogea kimya kama foleni ya kuungama. Zamu yake ilipofika, aliinama, akauweka mezani, bapa limefungwa kwa kitambaa. Mzee wa kwanza naye akauinamia upanga, akavua mpini, akatazama msuka. Akampa wa pili. Wa pili akampa wa tatu. Pumzi tatu, nne. Bapa hawakulifunua, lilibaki ndani ya kitambaa chake, lile bapa la miaka sita, umbali wa kiganja kutoka machoni mwao. Yule wa kwanza akasema neno fupi, na yule mama akatafsiri kwa Kifaransa. Wanauliza, alisema, nani amesafisha hapa.

Mimi nilikuwa nyuma yake hatua moja. Mimi ninayesimama mbele ya wakurugenzi nikawachekesha. Niliangalia viatu vyangu.

"C'est moi," Mnoaji akasema. Ni mimi.

Yule mzee akajibu kitu kirefu kidogo. Mama wa kutafsiri akasita, akaangalia karatasi zake. Mnoaji akamwambia kwa heshima atafsiri tu, maman, asiogope. Akatafsiri: anasema mtu aliyefanya hivi asishike tena upanga.

Mnoaji aliinama kabisa, akashukuru, akachukua vitu vyake.

Katika gari nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. "Muntu anaacha upanga kwa muntu asiyejua," akasema, "ni yeye njo aliisafisha."

Aliitii amri ile kama vile imetoka mahakamani. Panga za mwenye duka alizirudisha bila kuzimaliza. Kisha akaanza kunoa visu vya jengo zima, bure, kwa mawe yake bora, mawe ambayo mlima yalikochimbwa umekwisha na hayapatikani tena kwa bei yoyote. Maman wa chini hakumtania tena. Aliniambia kisu chake kilikuwa kikali mpaka kinatisha, na kwamba angependelea kiwe kibutu na mzee awe vile alivyokuwa.

Mimi niliacha kwenda. Nilituma watu na matunda, nilituma salamu, nilifuta deni la ngazi ambalo hakuna aliyelidai. Karibu miaka miwili. Ni rahisi kuwa na shughuli nyingi ukiwa na watu arobaini.

Vuli iliyopita nilikwenda. Maman alinikuta kwenye ngazi. "Patron Sabuni," akasema, "tulizania ulikufa, tukafurahia." Halafu akanisogezea sahani ya chakula niipandishe, kwa kuwa mzee hashuki tena.

Alijua ni mimi kwa hatua. Macho yalikuwa yamekwisha yote mawili. Alielekeza uso mahali nilipo, ukapita pembeni kidogo. Amekonda. Dirishani, pale pale pa kaskazini, palikuwa na ubao, na juu yake ule upanga, bapa limefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, msuka uko wazi. Chini ya msuka palikuwa na bakuli la maji ya moto, mvuke unapanda. Kitambaa kibichi kando. Aliniambia kila asubuhi anaulowesha, anaukausha kwa pumzi, anauacha. Mwalimu wake alimfundisha kuzuia kutu. Kuiita hakufundishwa, kwa hiyo anajaribu tu.

"Papa," nikaanza, "ile siku ya hoteli, mimi ndiye ningepaswa..."

"Rangi gani?"

"Nini, Papa?"

"Pale. Mi sione. Maman anasema nyekundu, lakini Maman hajue. Weye unajua kutu. Iko rangi gani sasa?"

Nikainama. Ilikuwa rangi ya chungwa. Kutu ya mnyororo wa baiskeli, kutu ya wiki, kutu ninayoiondoa kwa kitambaa na siki bila hata kuvaa glavu. Hapakuwa na weusi hata wa kupaka ukucha.

"Inaanza kuwa nyeusi," nikasema.

Uso wake uliinuka. Kwa muda mfupi nilimwona tena yule aliyenyoa ndevu. Akanyoosha mkono, akaukuta msuka, akalipitisha lile dole lisilo na alama kutoka mwanzo mpaka mwisho, akalirudisha kifuani na kulisugua na kidole cha shahada. Kutu ya kweli haitoki kwa kidole, imekuwa chuma. Hii ilitoka. Ilimbakia vidoleni kama unga, nami niliiona, na yeye aliisikia.

Hakusema nimedanganya. Aliniuliza kazi inaendeleaje. Nikamwambia inaendelea vizuri sana, nikataja wateja wapya, nikataja gari la nne, nikataja jengo la ghorofa kumi na mbili tulilolipata, nikaongea mpaka chakula cha Maman kikapoa, kwa sababu kila niliponyamaza nilisikia vidole vyake vikisuguana.